Raspberry Pi inasumbua? Usifute kadi kwanza

Mtu akikwama na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, mkono unakimbilia kadi ya microSD yenye mfumo: anaitoa, anaifuta, anapakia mfumo upya. Mara mojamoja inasaidia, ndiyo maana tabia yenyewe haifi. Lakini mara nyingi tatizo linarudi baada ya siku mbili, kwa sababu kibovu kilikuwa waya wa chaji, na ushahidi wote uliokuwa kwenye kadi umeshafutwa.

Mpangilio ninaowapa wanaoanza ni huu: umeme, kisha kadi, kisha waya za nje, na programu mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha chaja na kadi kwa mpigo na Pi ikawaka, hujui kipi kilikuwa kibovu, na hicho kibovu utakirudisha kwenye droo pamoja na vizima.

Vya kuwa navyo mezani ni vichache: maltimita (kipimo cha volti), hata ile ya bei ya chini, kadi ya akiba yenye mfumo ambao una uhakika unafanya kazi, na chaja moja isiyoazimwa na watu wa nyumbani. Nazungumzia Pi 3 ya mwaka 2016 hadi Pi 5 ya mwaka 2023, maana ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Mwenye Orange Pi au bodi nyingine ya aina hiyo, habari za umeme, kadi na pini zinamhusu vilevile. Amri za `vcgencmd`, za kuiuliza bodi hali yake, hazimhusu.

Haiwaki kabisa, hata taa

Chomoa kila kitu: kibodi, flashi, waya za sensa, hata kadi. Bakiza bodi na chaja tu. Taa ikiwaka, rudisha kimoja kimoja mpaka umjue mkorofi. Mara nyingi ni waya mmoja umegusana na mwenzake, au sensa imechomekwa kinyumenyume.

Isipowaka, badilisha kebo kabla ya kubadilisha chaja. Pi 4 za mwanzo, zile za 2019, zina kasoro inayojulikana kwenye tundu la USB-C: hazipokei umeme kupitia kebo zenye chipu ya utambulisho ndani, zile nene zinazokuja na chaja za laptop. Unaweza kukuta kebo ya bei kubwa inagoma na ya simu ya kawaida inafanya kazi. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwenye toleo 1.2 la bodi. Ukifanikiwa kuiwasha, `cat /proc/device-tree/model` itakuonyesha yako ni toleo gani.

Taa nyekundu ipo, ya kijani imenyamaza

Kwenye Pi 3 na Pi 4 taa nyekundu inaonyesha umeme upo, na ya kijani hupepesa bodi inaposoma kadi. Pi 5 ina taa moja tu: nyekundu ikiwa imezimwa, kijani ikiwa imewashwa.

Kwa Pi 4 na Pi 5 kuna kipimo rahisi. Toa kadi, unganisha skrini, washa. Bodi nzima itakuletea ukurasa wa uchunguzi wenye namba zake na orodha ya mahali inapotafuta mfumo. Ukiuona ukurasa huo, usiilaumu tena bodi. Tatizo ni kadi au kilichomo. Usipouona kwenye Pi 4, programu yake ya kuanzia huenda imeharibika. Fungua Raspberry Pi Imager (programu ya kuandikia kadi), nenda kwenye kundi la zana ndogondogo, chagua picha ya bootloader, yaani hiyo programu ya kuanzia, iandike kwenye kadi yoyote kisha washa nayo. Kazi ikikubali, taa ya kijani hupepesa kwa mwendo mmoja bila kukoma na skrini yote hugeuka kijani. Pi 3 haina ukurasa huo. Bila kadi, taa yake ya kijani kunyamaza ni kawaida.

Kama taa ya kijani inapepesa kwa mpangilio, kisha inatulia na kurudia, hesabu. Kupepesa mara nne kwa ufupi ni kwamba faili la `start.elf` halijapatikana. Mara saba, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haijapatikana. Mara mbili kwa urefu na moja kwa ufupi, sehemu ya kwanza ya kadi haijapangwa kwa FAT, mpangilio wa mafaili ambao Pi huusoma. Ninapoambiwa nne, au mbili na moja, huuliza swali lilelile: uliiandika ile picha ya mfumo kwa Imager, au ulilivuta faili ukalidondosha ndani ya kadi kama unavyohamisha nyimbo? Kulidondosha hakufanyi kitu. Kwenye Pi 4, kadi ikiwa ya FAT32 itakupa nne, na kadi za GB 64 kwenda juu, ambazo hutoka kiwandani na exFAT, zitakupa mbili na moja.

Rangi za upinde wa mvua, au skrini nyeusi

Upinde wa mvua ukiganda, bodi imeshasoma faili za mwanzo lakini kerneli haikuingia. Ama kadi imeharibika, ama mfumo ni wa zamani kuliko bodi. Kadi iliyokuwa ikifanya kazi kwenye Pi 3 tangu 2018 haitawaka kwenye Pi 4 kwa sababu tu umeihamisha.

Skrini nyeusi huku taa ya kijani ikihangaika kwa kawaida ni habari ya kebo ya HDMI. Pi 4 na Pi 5 zina matundu mawili madogo. Tumia lililo karibu na tundu la umeme, maana ndilo la kwanza. Washa skrini kabla ya Pi. TV nyingine hazijitambulishi vizuri, basi ongeza mwishoni mwa mstari ule mmoja wa faili la `cmdline.txt` lililo kwenye kadi, bila kuanza mstari mpya:

`video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`

Inawaka, lakini inajizima, inaganda au inajiwasha upya

Hapa ndipo wengi wanapopotezea wikendi. Dalili zinajifanya za programu: kivinjari kinajifunga, Wi-Fi inaacha kufanya kazi, diski ya USB inapotea na kurudi. Kabla ya kugusa lolote, andika:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu zuri ni `0x0`. Ukipata `0x50000`, umeme ulishuka wakati fulani tangu ulipoiwasha na kasi ikapunguzwa. `0x50005` ni kwamba umeshuka hata sasa hivi unaposoma. Mwenye skrini ataona alama ya radi pembeni. Anayeingia kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, haoni kitu, na ndiye anayeteseka zaidi. Kwenye Pi 3 taa nyekundu yenyewe huzimika volti ikishuka chini ya 4.63, kwa hiyo taa nyekundu inayopepesa siyo pambo. Historia ipo pia kwenye kumbukumbu za mfumo: `dmesg | grep -i voltage`.

Volti hizo zinapotelea njiani, kwenye kebo. Chukua kebo ya mita moja yenye nyuzi nyembamba za geji 28, kama zilivyo nyingi za bei rahisi. Umeme unakwenda mita moja na kurudi mita moja, na ukinzani wa njia nzima ni kama omu 0.43. Pi 4 ikifanya kazi ya maana huvuta karibu ampea 1.2. Zidisha: volti 0.5 zimebaki kwenye kebo. Chaja inatoa 5.0, Pi inapokea 4.5, nayo inalalamika kuanzia 4.63. Chaja ni nzima, Pi ni nzima. Ndiyo maana pia chaja rasmi za Pi 4 na Pi 5 hutoa volti 5.1 na kebo yake haichomoki.

Pima mwenyewe badala ya kuamini maandishi ya kwenye chaja. Usichomeke ncha za maltimita moja kwa moja kwenye pini: pini ya 1 ina volti 3.3 na ya 2, iliyo ubavuni mwake, ina volti 5. Ncha ikiteleza ikaziunganisha, bodi imekwenda. Chukua waya mbili za jampa zenye tundu, moja kwenye pini ya 4, nyingine kwenye pini ya 6 ambayo ni GND (upande hasi), kisha pima kwenye ncha zake za upande wa pili. Soma Pi ikiwa imetulia, halafu ipe kazi nzito, tuseme video au `apt upgrade`, na uangalie namba inavyoshuka. Ikibaki juu ya 4.8, umeme wako mzuri. Wenye Pi 5 wanaweza kuiuliza bodi yenyewe:

`vcgencmd pmic_read_adc EXT5V_V`

Habari ya "chaja kubwa" nayo inachanganya watu. Chaja ya simu iliyoandikwa wati 25 inafikia wati hizo kwa volti 9, na Pi haiombi volti 9. Kwenye volti 5 hiyohiyo hutoa ampea 3 au pungufu. Chaja ya laptop ya wati 65 kwa kawaida haivuki ampea 3 kwenye volti 5, yaani Pi inaona wati 15 tu. Pi 4 zinaitosha. Pi 5 inataka ampea 5. Ikipewa 3 itawaka, lakini itabana matundu yote ya USB yasivute zaidi ya miliampea 600 kwa pamoja. Diski ya SSD inayopotea kila unaponakili faili kubwa, anza kuitilia shaka hapo.

Pawa benki nazo zina lao. Nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo sana zinapobadilika kutoka kuchajiwa kwenda kutumika peke yake. Simu haioni. Pi inajiwasha upya. Kama unaitaka pawa benki ikulinde umeme ukikatika, ijaribu kwanza kwa kuchomoa ukutani ukiwa umekaa mbele yake.

Kama `get_throttled` haionyeshi umeme kushuka na bado inaganda, pima joto: `vcgencmd measure_temp`. Kuanzia nyuzi 80 kasi hupunguzwa, na 85 ndiyo mwisho. Kasha la plastiki lililofungwa, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, linafika huko bila shida. Pi 5 bila feni usiifikirie.

Ilikuwa nzima, umeme ukakatika, sasa haiingii

Ujumbe ambao watu hupiga picha na kutuma ni huu: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(179,2)`. Namba 179 ni kadi, na 2 ni sehemu yake ya pili, ile yenye mfumo wenyewe. Kerneli imeingia lakini haiwezi kuifungua sehemu hiyo. Usiifute kadi! Ichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux (Pi ya rafiki inatosha), tazama jina lake kwa `lsblk`, hakikisha haijafunguliwa, kisha:

`sudo fsck.ext4 -f /dev/sdb2`

Weka jina uliloliona wewe badala ya `sdb2`. Mara nyingi kadi inarudi na mafaili yote yapo. Nakili ya muhimu papo hapo.

Kuna dalili moja ya ajabu: unafuta faili, unawasha upya, faili limerudi. Unabadilisha nywila, kesho ya zamani ndiyo inayokubali. Hakuna aliyekuingilia. Kadi imezeeka na imekataa kuandikwa, inasomeka tu, na haisemi. Ya namna hiyo haitengenezeki. Nakili vitu vyako, tafuta nyingine.

Na kadi feki. Kariakoo au Luthuli Avenue, kadi ya GB 128 kwa bei ya GB 16 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na GB 8 ndani na uongo kwenye lebo. Ubaya wake ni kwamba huanza vizuri: mfumo unaingia, mradi unaenda wiki kadhaa, halafu siku data inapofika pale kumbukumbu ya kweli inapoishia, inaandikwa juu ya iliyotangulia na kila kitu kinavurugika. Ipime siku ya kwanza, ukiwa na risiti bado. Kwenye Linux sakinisha `f3`, kisha `f3write` na `f3read` zikielekezwa kwenye kadi. Kwenye Windows kuna H2testw. Zote zinaijaza kadi na kuisoma tena, kwa hiyo ipe muda. Na Imager ikimaliza kuandika halafu ikashindwa kwenye uhakiki, usibonyeze tena ukitumaini. Badilisha kwanza kisomeo cha kadi. Ikishindwa tena, kadi ndiyo mbaya.

Mradi utakaokaa mahali umeme unapokatika ovyo, kama kipima joto cha banda la kuku, fungua `sudo raspi-config` na uwashe overlay ya mfumo wa mafaili (mabadiliko yanakaa kwenye RAM tu) kwenye mipangilio ya utendaji. Kuanzia hapo kadi haiandikwi, na kukatika kwa umeme hakuidhuru. Gharama yake ni kwamba kila unachokihifadhi kinapotea ikizima, basi tuma vipimo kwenye mtandao au viandike kwenye flashi.

Baada ya umeme kurudi, angalia saa pia. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa yenye betri. Huanza na muda wa mwisho zilioukumbuka na kusubiri mtandao. Ruta nyingi huchelewa kuliko Pi, kwa hiyo vipimo vya dakika za mwanzo vinaandikwa na saa ya jana, na `apt` inalalamika kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika. Moduli ya saa ya DS3231 inamaliza tatizo kwa mstari mmoja kwenye `config.txt`, faili la mipangilio ya Pi: `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. Pi 5 ina saa ndani, ila betri yake unanunua mwenyewe.

Haishiki Wi-Fi, au SSH inakataa

Pi 3B, Zero W na Zero 2 W zinasikia 2.4 GHz tu. Ukiwasha mtandao wa simu na simu ikachagua 5 GHz, Pi haitauona kabisa. Kwenye Android chagua bendi ya 2.4, kwenye iPhone kuna swichi ya kuongeza upatanifu katika mipangilio ya hotspoti. Jambo la pili ni nchi: bila msimbo wa nchi redio inabaki imefungwa. `rfkill list` itakuambia. Weka TZ, KE au ya ulipo kupitia `raspi-config`.

Diski ya USB 3 iliyo karibu sana na Pi 4 nayo inaweza kuivuruga Wi-Fi ya 2.4. Isogeze kwa kebo ndefu kidogo uone tofauti.

SSH ikikataa, soma neno lenyewe, maana kila moja linaelekeza kwake. `Connection refused`: Pi ipo na imesikia, ila SSH haijawashwa. `Connection timed out`: anwani si yake, au ruta inazuia vifaa visionane, jambo la kawaida kwenye Wi-Fi za hosteli. `Permission denied`: umefika mlangoni, jina au nywila si sahihi, mtumiaji `pi` mwenye nywila `raspberry` aliondolewa Aprili 2022, na sasa unaweka wako ndani ya Imager kabla ya kuandika kadi. Na lile onyo refu la kutisha, `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, ukiliona baada ya kupakia mfumo upya si la kutisha: `ssh-keygen -R raspberrypi.local`, kisha ingia tena.

Sensa haisomi, rilei (swichi ya umeme) inafanya inavyotaka

Kwanza angalia risasi ya kulehemu. Sensa nyingi huja na pini zake pembeni, na mtu anazipenyeza tu kwenye matundu bila kuzilehemu. Zinagusa, zinaacha, zinagusa. Hakuna programu itakayorekebisha hilo.

Pili, namba za GPIO, zile pini za kuunganishia vifaa. `GPIO17` si pini ya 17. Ni pini ya 11. Andika `pinout` na mchoro wa bodi yako utatokea.

Tatu, volti. Pini za GPIO ni za 3.3 na hazivumilii 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04 hurudisha volti 5 kwenye Echo. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka Echo kwenda kwenye pini, na ya kilo-omu 2 kutoka kwenye pini hiyo kwenda GND, upate kama 3.3. Pi itafanya kazi hata bila rezista hizo, kwa muda, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Kwa vifaa vya I2C, vinavyozungumza na Pi kupitia waya mbili za SDA na SCL, washa I2C kwanza, kisha `i2cdetect -y 1`. LCD huonekana kwenye `27` au `3f`, sensa ya hewa ya BME280 kwenye `76` au `77`. Jedwali tupu: SDA na SCL zimepishana, au GND haijaungwa. Jedwali linalojichora polepole mno: waya mmoja umeshikwa chini, mara nyingi umegusa GND.

Sensa ya joto ya DS18B20 ina lugha yake. Ukiona jina linaloanza na `28-` ndani ya `/sys/bus/w1/devices`, iko sawa. Yakitokea majina ya `00-` yanayobadilikabadilika, rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya data na 3.3 haipo au haijashika. Na ikisoma nyuzi 85 kamili, chumba hakijawaka moto: hiyo ndiyo namba inayokaa ndani yake kabla ya kipimo cha kwanza, maana yake umeme umeyumba ikiwa inapima.

Sensa ya unyevu wa udongo yenye pini ya `AOUT` haitasomeka hata ufanyeje, kwa sababu Pi haina njia ya kupima volti zinazopanda na kushuka. Ongeza ADS1115, chipu ya kugeuza volti kuwa namba, iwashe kwa 3.3, itajitokeza kwenye `48`.

Sasa ile kesi ya bustani: udongo umekauka, programu inaamuru rilei, pampu inaguna mara moja, na Pi inajiwasha upya. Ikishawaka inasoma udongo mkavu, inaamuru tena, inazimika tena. Mwenye mradi anasoma msimbo wake usiku kucha akitafuta kitanzi kisichoisha. Kitanzi kipo, ila kinapitia kwenye umeme: pampu imeunganishwa kwenye pini ya volti 5 ya Pi, na mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, volti zinadidimia, bodi inazimika. Ipe pampu chaja yake. Weka diodi ya 1N4007 kwenye nyaya za pampu, upande wenye mstari uelekee chanya, ili mshtuko wa mota inapozimwa usirudi kwenye bodi. Ukitumia MOSFET (transista ya kuwashia) badala ya rilei, unganisha GND ya chaja zote mbili. Bila hiyo haitawaka.

Rilei inayowaka pale unapotaka izime ni ya aina inayoitikia LOW, yaani huwaka pini ikishushwa volti. Kwenye gpiozero, maktaba ya Python ya kuendesha pini, andika `OutputDevice(17, active_high=False, initial_value=False)`. Isipozima kabisa, tazama kama moduli ina kijiti kati ya VCC na JD-VCC: kitoe, peleka VCC kwenye 3.3 na JD-VCC kwenye 5. Na kama yako inaitikia HIGH, epuka GPIO 0 hadi 8, kwa sababu Pi inapoanza huzivuta juu, na pampu itajiwasha kabla programu haijafunguka.

Kuwasha taa au pampu ya volti 230 ni kazi nyingine. Tafuta fundi umeme akae nawe.

Msimbo wa somo la zamani haufanyi kazi

Masomo mengi mtandaoni yaliandikwa kabla ya Oktoba 2023, toleo la Bookworm la mfumo wa Raspberry Pi OS lilipotoka. `config.txt` imehamia `/boot/firmware`. Kuweka `wpa_supplicant.conf` kwenye kadi hakuunganishi tena Wi-Fi. `pip install`, ya kusakinisha maktaba za Python, inajibu `externally-managed-environment`. Usiilazimishe, tengeneza mazingira ya mradi:

`python3 -m venv --system-site-packages mradi`
`source mradi/bin/activate`

Kwenye Pi 5, maktaba ya RPi.GPIO hufa na `Cannot determine SOC peripheral base address`, kwa sababu pini zake zinaendeshwa na chipu nyingine, RP1. Ondoa `python3-rpi.gpio`, sakinisha `python3-rpi-lgpio`, na msimbo wa zamani kwa sehemu kubwa utaenda bila kubadilishwa. Amri ya kupiga picha, `raspistill`, imekuwa `rpicam-still`, na mkanda wa kamera wa Pi 4 hauingii kwenye Pi 5. Unahitaji ule mwembamba wa pini 22 kama wa Zero.

Bodi imekufa kweli?

Pima kwa zile jampa. Kama kati ya pini ya 4 na ya 6 kuna volti 5, hamisha waya kutoka ya 4 kwenda ya 1, Pi ikiwa imezimwa, kisha washa. Ukikosa 3.3 hapo huku 5 zipo na hakuna kilichounganishwa, chipu inayogawa umeme imeungua. Ikiwa 3.3 ipo lakini kitu kidogo cheusi juu ya bodi kinaunguza kidole ndani ya sekunde chache, kuna shoti ndani. Vyote viwili vinamtaka fundi mwenye mashine ya hewa moto na chipu ya kubadilishia, na kwa Pi 3 hesabu haitoki, nunua nyingine. Kadi iliyokuwa ndani itoe uijaribu kwenye bodi mpya ya aina ileile. Mara nyingi yenyewe haikuumia, na mradi utaendelea pale ulipoishia.